Nta ya Nyuki kwenye Uso wa Landrova

Siku mliyoniaga karakanani mlinipa kitenge, chupa ya chai na hotuba ambayo sikumtambua mtu aliyekuwa akisifiwa ndani yake. Kitenge nimeshakishona, chupa inavuja. Katika hotuba hiyo kijana wenu mmoja alisema mimi ndiye niliyeanzisha utunzaji wa plastiki za nje za magari katika wilaya yetu, akaomba niandike nilivyoanza. Haya, naandika, lakini habari za vyeo na mishahara mtanisamehe. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara haukuwahi kukaa kwangu muda wa kutosha tukafahamiana.

Niliajiriwa kufagia ofisi za wilaya hapa Lushoto, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Siku moja msimamizi wetu akasema gari la serikali nalo ni ofisi, isipokuwa linatembea, kwa hiyo anayefagia ofisi alifagie na gari. Hakuna aliyeona kasoro katika hoja hiyo, hata mimi. Nikachukua ufagio wangu nikateremka karakanani.

Huko nilimkuta Mzee Shekue, dereva na mkuu wa karakana, mtu mfupi, mkavu, aliyezungumza na magari kwa Kishambaa na watu kwa Kiswahili. Alinitazama, akautazama ufagio, kisha akanipeleka mbele ya landrova ya zamani, ile yenye wavu wa chuma usoni.

"Umeisalimia, Halima?"

"Nani, Mzee?"

"Hii. Imeanza kazi kabla wewe hujaota meno. Isalimie."

Nikasema shikamoo. Mzee akaitika marahaba kwa niaba ya gari, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya kila asubuhi. Nilidhani ni utani wa kumpokea mgeni. Haukuwa utani. Alisema mtu aliyemwamkia mkubwa wake hawezi baada ya hapo kumsugua kwa mchanga, na kwa kweli nimefanya kazi na wengi wasioamkia magari, na wote husugua kwa mchanga.

Alinifundisha kuosha kutoka juu kwenda chini. Alinifundisha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kwamba hakuna kitambaa kinachofikia kanga iliyochakaa, ile ambayo hata mwenyewe anaona haya kuianika nje. Kitambaa cha magurudumu kisiguse boneti. Mpaka leo nikiona kijana anafuta boneti kwa kitambaa cha magurudumu damu inanichemka, na nyinyi wawili ninaowasema mnajijua.

Kisha ikaletwa landrova mpya. Kwa kuwa ilikuwa ndogo kwangu kiumri, Mzee alisema haina haja ya shikamoo, "onga mshi" ya Kishambaa, ya kusalimia yeyote, inatosha. Lakini hakuipenda. Gari la zamani lilikuwa na wavu wa chuma mbele ya rejeta, na safarini madereva waliufungua wakauweka juu ya makaa wakachomea mahindi. Hili jipya lilikuwa na shoo ya plastiki nyeusi. Watu walitoka sokoni kuja kuigonga kwa vidole, na mama mmoja muuza viazi akaniuliza kama gari lote ni la plastiki au ni uso tu.

"Sasa tukikwama Mtae," alisema Mzee Shekue, "mahindi tutachomea wapi?"

Plastiki ya nje, hata itoke kiwanda gani, hupauka. Jua la huku juu halikuunguzi sana lakini linakula rangi, ukungu unalowesha, na ukiteremka Mombo vumbi linamalizia. Haikupita muda uso wa landrova ukawa wa kijivu kama magoti ya mtoto aliyekosa mafuta. Tukaupaka mafuta ya nazi. Uling'aa vizuri mpaka Soni, na kufika Mombo ukawa umebeba vumbi jekundu la kutosha kupanda mchicha. Tukaosha, kijivu kikarudi pale pale. Mzee akasema basi, uso wa gari si uso wa bibi harusi, tuuache.

Tungeuacha kweli kama si habari za mkaguzi. Ilisemekana mkoani wameamua kuyakusanya magari yaliyochoka ya wilaya zote. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa kabla ya hapo mkaguzi wa shule, hodari wa sare na kucha, akahamishiwa kwenye magari bila mtu kumbadilisha macho. Habari zake zilimtangulia. Injini hafungui. Anatazama gari kwa mbele, na likiwa limepauka, limechoka. Dereva mmoja alitusimulia kwamba kwao gari lisilo na giaboksi lilisukumwa na wananchi mpaka kwenye mstari, limepakwa mafuta likametameta, likapita. Lililokuwa zima, lenye bampa iliyopauka, lilichukuliwa.

Mimi sikucheka. Wakati huo landrova ile ndiyo ilikuwa gari pekee la wilaya lililokuwa linatembea. Lori lilikuwa limelala Mombo likisubiri kipuri, na landrova ya zamani ilikuwa juu ya mawe, ikiamkiwa tu. Hiyo mpya ndiyo iliyompeleka Nesi Eliwaza wa hospitalini kwenye vijiji vya juu, na ndiyo iliyoleta wajawazito waliowashinda wakunga. Na mdogo wangu Mwanaidi alikuwa ameolewa Sunga, mbali huko, na alikuwa na mimba kubwa. Mimba yake ya kwanza walimbeba kwa machela kumleta hospitali, wanaume wanapokezana bega, mvua inanyesha. Mtoto alifia njiani. Mwanaidi alinieleza jambo moja tu kuhusu safari ile, kwamba wabebaji waliacha kuimba, ndipo alipojua. Kwa hiyo nilipoambiwa gari litachukuliwa kwa sababu ya uso, nilitamani kumpiga mtu, na sikumjua wa kumpiga.

Nikamwambia Mzee Shekue tuipake nta ya gari. Ofisini lilikuwapo kopo moja lililoachwa na mkulima wa Kizungu aliyerudi kwao, na lilifungiwa kabatini na kuonyeshwa kwa wageni. Tukaomba, tukapewa. Tulipaka plastiki yote kwa moyo mkunjufu, nene, kama watu wanaopaka siagi ya bure. Tukaiacha ikauke.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu bado mnarudia kosa hili. Nta ya kung'arishia rangi ni ya rangi. Plastiki ya nje ina chembechembe na mikunjo, nta inaingia humo, ikikauka inakuwa nyeupe, na haifutiki kwa kitambaa. Asubuhi tulikuta landrova ina uso wa mtoto aliyeingiza kichwa chote kwenye sufuria la uji. Mzee Shekue aliizunguka mara kadhaa.

"Sasa haijachoka tena," alisema. "Sasa imekufa."

Dawa yake ni maji ya moto, sabuni na mswaki. Karakana nzima ilileta miswaki ya nyumbani, tukasugua mpaka weupe ukatoka, na jioni hiyo mjini kulikuwa na watu kadhaa waliopiga mswaki kwa kidole. Uso ukarudi kuwa wa kijivu, na mkaguzi akawa anatarajiwa kesho yake.

Ndipo tukamkumbuka Mzee Hoza. Huyu alikuwa mfuga nyuki wa kijiji cha Ujamaa kilichopakana na karakana, mzee mwenye sauti ya chini na masikio makubwa. Nilimwomba nta. Akanipa bonge zuri, la manjano, linanukia asali mpaka tumbo linaunguruma. Hakuniuliza ya nini, nami sikumwambia. Tuliiyeyusha na mafuta kidogo ya nyonyo, tukapaka nyembamba, gari likiwa limepoa na liko kivulini, tukafuta kwa kanga yangu ya zamani. Niaminini nikiwaambia, sijawahi tena kuona weusi kama ule. Ungeweza kujitazama ukachana nywele. Tukaiegesha landrova chini ya mikaratusi nyuma ya karakana, isiguswe na jua.

Kila mtoto wa mfuga nyuki anajua ambacho sisi hatukufikiria. Mzinga mpya, ili nyuki wauone na waupende, hupakwa nta. Huo ndio ukaribisho wenyewe. Sisi tulikuwa tumechukua uwazi mzuri wenye kivuli, ulio kati ya shoo na rejeta, tukaupaka nta bora ya wilaya, tukauweka chini ya mikaratusi iliyochanua.

Walikuja asubuhi jua lilipopasha. Kwanza wachache, wakaingia wakatoka, kama watu wanaokagua chumba cha kupanga. Halafu likaja wingu. Lilivuma juu ya paa la karakana, likashuka, likaingia kwenye shoo, na waliokosa nafasi ndani wakaning'inia nje kama ndevu. Mzee Shekue alivua kofia. Mji mzima ukaja kutazama, akiwamo Mzee Hoza, akiwamo Mwenyekiti wa kijiji chake, mtu mrefu aliyependa vikao kuliko chakula. Na katikati ya watu hao likasimama gari la mkaguzi.

Alishuka na rula, ile ile ya shuleni bila shaka. Akainyooshea landrova kwa mbali.

"Ndugu, huo weusi unaotembea ni nini?"

"Nyuki, Ndugu Mkaguzi," alisema Mzee Shekue.

"Waondoeni nikague plastiki."

"Hao hawaondoki, mwanangu," alisema Mzee Hoza kwa upole. "Wameshahamia. Wamefuata nta yangu, kwa hiyo ni nyuki wangu. Naomba nipewe gari nikalitundike."

Mwenyekiti akasogea mbele. "Mzee Hoza, shikamoo, lakini hapo hapana. Mizinga yako si tuliiingiza kwenye mali ya kijiji? Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono. Hawa ni nyuki wa kijiji."

"Mizinga nilitoa. Huu si mzinga, ni gari."

"Na gari ni la serikali," alisema Mzee Shekue. "Aliyeingia nyumba ya serikali ni mpangaji wa serikali."

Mnaweza kudhani mtu fulani alicheka. Hakuna. Zilikuwa nyakati ambazo swali la mali ya nani liliulizwa kwa sauti ya ibada. Mkaguzi mwenyewe alikunja uso akafikiri kweli kweli. Kama nyuki ni wa kijiji, alisema, hawezi kulipeleka gari mkoani, kwa sababu atakuwa ameondoka na mali ya wanakijiji. Kama ni wa serikali, itabidi awapokee kwa saini, na hawezi kusaini kitu asichojua idadi yake.

"Nani amewahesabu?" aliuliza.

Akatoa amri, na naikumbuka kwa sababu alituamuru tuirudie kwa pamoja, kama darasa: gari lisiondoke mbele ya macho ya halmashauri ya kijiji mpaka halmashauri iamue kama linabaki au linakwenda. Akaingia garini mwake akaondoka, akisema atarudi kuchukua uamuzi.

Watu walipiga makofi. Mimi nikaona tumeokoa gari kwa kulifunga kamba. Lakini nilikuwa bado nalitafakari hilo nilipomwona shemeji yangu, mume wa Mwanaidi, anateremka kutoka kwenye lori la mboga lililotoka Sunga, viatu mkononi.

"Dada, ameanza tangu alfajiri," alisema. "Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Lori hili linaendelea Mombo, halirudi leo. Nimekuja kuomba gari."

Nilikaa chini pale pale kwenye ndoo yangu ya kusuuzia. Mzee Shekue alitazama gari, akatazama nyuki, akamtazama Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mtoto wa watu anakufa huko."

"Naelewa, Mzee. Lakini amri umeisikia. Lisiondoke mbele ya macho ya halmashauri."

Halafu niliona kabisa wazo linavyomwingia. Mtu yule alikuwa amekaa vikao maisha yake yote, na nadhani hakijawahi kumfurahisha kikao kama kile alichokiona wakati huo. Akaitazama halmashauri yake, iliyokuwa imejazana pale na wananchi wengine.

"Ndugu wajumbe, kikao cha dharura kimefunguliwa. Ajenda ni moja. Pandeni."

Walipanda. Walioenea nyuma ya landrova ndio waliohesabiwa kuwa akidi, wanaume kwa wanawake, wengine wamekaa kwenye magoti ya wenzao. Nesi Eliwaza aliletwa na mkoba wake, akapita mbele ya nyuki bila kuwatupia jicho, akasema, "Nisogezeeni, jamani." Mzee Shekue alifungua feni ya rejeta akaiacha karakanani, isije ikawanyonya wapangaji wake, na Mzee Hoza akaweka gunia lililolowa maji kati ya nyuki na rejeta. Kisha mzee yule akakaa juu ya madigadi ya mbele, kinga cha moto kinachofuka mkononi, akawa anawafukizia nyuki moshi kidogo kidogo na kuwaambia kwa Kishambaa maneno ya kutuliza wagonjwa.

Gari lisilo na feni huchemka. Tulisimama kila kijito, na namshukuru Mungu kwa kuweka vijito vingi milimani mwetu. Msitu wa Magamba ulitupoza kidogo. Kikao kiliendelea muda wote, kwani Mwenyekiti alisema kikinyamaza kitahesabika kimevunjika, na gari litakuwa limetoka nje ya amri. Kwa hiyo tulipanda milima huku mjumbe mmoja anasema nyuki ni nguvu kazi, na mwingine anauliza kama nguvu kazi hiyo itapewa shamba. Watu wa Malindi na Lukozi walituona tukipita na mzee anayefuka moshi juu ya madigadi na mabishano nyuma. Wengine walitupungia mkono. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Tulimkuta Mwanaidi amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Aliponiona hakuniamkia, akasema tu, "Wasinibebe, dada." Nikamwambia hatubebi, tuna gari. Akauliza sauti gani hiyo inayovuma. Nikamwambia injini.

Tukamlaza nyuma, kichwa mapajani mwangu, na wajumbe wanawake wakatanda kanga kumzunguka. Wanaume walining'inia kwenye milango na ngazi, wamegeuzia nyuso nje, na Mwenyekiti akawaamuru waongeze sauti ili asisikike. Tukaanza kurudi. Sijui kama mmewahi kusikia watu wakijadili kodi ya nyuki kwa kupiga kelele huku ndugu yako anakung'ata mkono. Nilikuwa naogopa, nikawa nasikiliza ubishi ule kama redio, nisije nikasikiliza jingine.

Hatukufika hospitali. Tukiwa hatujafika Lukozi, Nesi Eliwaza alipiga bati la nyuma ya dereva kwa ngumi, na Mzee Shekue akasimama ukingoni. Wanaume wakateremka, wakajipanga wakitazama bonde, migongo kwetu.

"Tunaendelea, ndugu wajumbe!" alipaaza sauti Mwenyekiti, akiliambia bonde. "Nani ana hoja?"

Wakatoa hoja, moja juu ya nyingine, na Nesi akawa anafanya kazi yake chini ya kanga, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, anaongea peke yake, anamgeuza mtoto. Mwanaidi akapiga ukelele mmoja. Mtoto akatoka.

Hakulia. Nesi akamshika miguu, akampigapiga, akampuliza mdomoni. Wanaume wakaacha kubishana, mmoja mmoja, bila kuambiwa na mtu, na Mwanaidi akaliona hilo, akanitazama, na sitaki kuandika alivyonitazama. Palikuwa hakuna sauti barabarani ila ya nyuki. Mzee Shekue alikuwa ameinamisha kichwa kwenye usukani.

"Mwenyekiti!" nilipiga kelele, nikilia. "Kikao kisivunjike! Ongeeni!"

"Hoja!" alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nani ana hoja? Mtu yeyote!"

Wakaanza tena wote kwa pamoja, bila mpangilio, kila mtu na lake, mmoja nadhani alikuwa anahesabu tu. Na katikati ya kelele hizo mtoto akakohoa, akavuta pumzi, akalia.

Mwenyekiti alikohoa, akajifuta uso kwa kofia, bado ametazama bonde, maana alikuwa mtu wa heshima.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nauliza sasa. Gari hili, pamoja na wote waliomo, libaki Lushoto au lipelekwe mkoani?"

"Libaki!" alisema Mwanaidi, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

Hakuwa mjumbe. Hakuwa hata mkazi wa kijiji kile. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi, na mtoto akalia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mwenyekiti akangoja kidogo, akasema pingamizi hilo halikuungwa mkono, akafunga kikao.